Kabla ya kulipia chumba Kilwa au Mtwara, tazama mwezi

Katika kazi ya kupanga safari za Kilwa, Lindi na Mtwara, ombi ninalolipokea zaidi ya mengine ni hili: nitafutie hoteli nzuri, iwe ufukweni kabisa. Mara nyingi linakuja na picha, bahari ya buluu imefika hadi kwenye ngazi za baraza. Kabla sijajibu chochote kuhusu hoteli, nauliza: unakuja tarehe ngapi ya mwezi mwandamo? Picha ile ilipigwa maji yamejaa. Saa sita baadaye, mbele ya ngazi zilezile, kuna mwamba mtupu, majani ya bahari na akina mama wanaotafuta pweza kwa fimbo, na bahari yenyewe unaiona kule mbali kama mstari.

Hoteli haina kosa hapo, ndivyo pwani ya kusini mwa Tanzania ilivyo. Wakati wa bamvua, yaani siku chache kuanzia mwezi unapoandama na tena kuanzia mwezi mpevu, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kwenye ufukwe wenye mwamba bapa, tofauti hiyo inaifukuza bahari mamia ya hatua. Siku za maji mafu, tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 za mwezi mwandamo, tofauti ni ndogo, karibu theluthi ya ile ya bamvua, na hata yakipwa unabaki na pa kuogelea.

Saa zake zinakaririka kwa urahisi. Bamvua kwetu hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa kabisa mnamo saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Maji mafu ni kinyume chake: hujaa saa nne, hupwa saa kumi. Kila siku inayopita, maji huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo mwenye watoto wanaotaka kuruka majini mara baada ya chai ya asubuhi, namshauri alenge maji mafu. Anayetaka kutembea juu ya mwamba na kuona viumbe wa vidimbwini aje bamvua, asubuhi atembee na raba miguuni (kandambili zinachomoka, na miiba ya baharini haina huruma), kisha aogelee kuanzia saa nane mchana mpaka jua linazama.

Fukwe nazo hazifanani. Shangani, Mtwara mjini, ni mwamba, yakipwa unatembea. Mikindani ni ghuba iliyojificha, tulivu na nzuri kwa macho, lakini maji yakitoka sehemu kubwa hubaki tope na mikoko. Mikindani natuma watu wanaopenda mji wa kale, nyumba za mawe na boma la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo leo ni hoteli. Kuogelea wanafuata kwingine kwa gari. Msimbati ni habari nyingine kabisa. Kina kinaanza karibu na ufukwe, hivyo unaogelea saa yoyote, ila mkondo unakuwa mkali maji yanapobadilika na mtoto hatakiwi kuachwa peke yake hata dakika moja. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna ada ya kuingia, na Mtanzania abebe kitambulisho ili asitozwe bei ya mgeni. Njia yake ina mchanga, na gari dogo la chini linazama.

Kuhusu visiwa vyenyewe nasema wazi. Wengi hufikiri watalala Kilwa Kisiwani au Songo Mnara kama watu wanavyolala Unguja. Ushauri wangu ni kulala Kilwa Masoko na kuvuka mchana. Kisiwani ni kama kilomita 2 tu kutoka Masoko. Magofu ya visiwa hivyo viwili yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na kibali chake kinachukuliwa Masoko kabla ya kupanda chombo. Ukifika ng'ambo bila kibali utarudishwa, na nauli ya boti hairudi. Songo Mnara ni mbali zaidi, na huko lazima uvue viatu: chombo kinasimama nje, unashuka ndani ya maji na kupita kwenye mikoko. Nahodha anayeijua njia anakuambia mwenyewe saa ya kuondoka kwa kuhesabu maji. Akikuambia "saa yoyote tu", tafuta mwingine. Hesabu maboya ya kuvaa kabla ya kulipa, moja kwa kila kichwa, na lako livae, usilikalie.

Baada ya mwezi, tazama upepo. Kusi huvuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba, kali zaidi Juni mpaka Agosti. Chumba kinachotazama kusini au mashariki wakati huo kina hewa safi na usingizi mtamu, lakini bahari yake ina mawimbi na maji ni machafu kwa anayetaka kuona matumbawe. Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari inatulia, ila joto la Januari na Februari ni la kuheshimiwa. Kwa miezi hiyo usikubali chumba chenye dirisha upande mmoja tu. Na mvua zetu za kusini ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo ule utaratibu wa Dar wa vuli na masika usiutegemee sana huku.

Mvua zinanileta kwenye malipo ya awali. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara maeneo ya Somanga, na magari yakakwama. Ukipanga safari ya Machi hadi Mei, uliza kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha: barabara ikikatika, fedha inarudi au inasogezwa tarehe? Hoteli inayojibu "inasogezwa, ndani ya miezi sita" ni ya kufanya nayo kazi. Inayokwepa swali, lipia usiku mmoja tu. Uliza pia bei ni ya chumba au ya kichwa, na kama kodi ya ongezeko la thamani imo ndani yake. Asilimia 18 ikijitokeza siku ya kuondoka inaharibu hesabu ya familia nzima.

Umeme na maji ya bomba ndivyo vinavyotenganisha hoteli nzuri na picha nzuri. Usiulize "mna jenereta?" maana wote watasema ndiyo. Uliza: umeme ukikatika saa tano usiku, jenereta inawashwa mpaka saa ngapi, na inawasha kiyoyozi au taa tu? Nyingi huzimwa saa sita ili kubana mafuta, na hapo ndipo unapohitaji feni. Kuhusu maji, uliza yanatoka wapi. Visima vya karibu na bahari vina chumvi, sabuni haitoi povu na nywele zinakuwa kama makuti. Si hatari kwa kuoga, ila kwa mtoto mwenye ngozi laini omba ndoo ya maji yasiyo na chumvi ya kusuuzia.

Ukifika, usipeleke mizigo chumbani kabla ya kukagua. Kwanza chandarua. Pwani ya kusini ina malaria, na chandarua kibovu ni pambo tu. Kishushe, ingia ndani, lala chali utazame kuelekea dirishani: tundu linaonekana kwa mwanga, hata lililoshonwa kwa uzi mweusi. Nyoosha mikono. Vile vya duara vyenye kitanzi kidogo juu vinabana, kiwiko kinagusa wavu, na mbu anakuuma kwa nje bila kuingia. Pindo lazima lifike chini ya godoro pande zote nne. Kwenye kitanda cha futi sita kwa sita chandarua cha tano kwa sita hakifiki, na mhudumu atakificha kwa kukifunga fundo zuri juu. Omba kingine hapohapo mapokezi wakati bado una nguvu ya kusema.

Kisha inua macho. Paa la makuti ambalo limechoka linapitisha vitone vya mwanga, na panapopita mwanga patapita mvua. Vumbi laini la kahawia juu ya shuka ni dalili ya makuti yaliyooza au wadudu ndani yake. Washa kiyoyozi dakika kumi ukiwa chumbani: chumvi ya bahari inakula mashine ya nje, na kiyoyozi kinachovuma bila kupoza hakitapona kwa sababu wewe umelala. Bafuni fungua bomba na kuvuta choo kwa wakati mmoja. Maji yakikata, tangi liko chini mno.

Sasa chakula, na hapa mwezi unarudi tena. Dagaa na vibua wengi huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo siku za mbalamwezi hupungua sokoni na bei hupanda. Pweza hupatikana kwa wingi bamvua, mwamba unapokuwa wazi. Mgahawa unaokuletea orodha ileile ya samaki kumi na wawili siku zote thelathini unategemea friza. Friza si dhambi, lakini kwenye mji ambao umeme unakatika, samaki aliyeganda, akayeyuka, akaganda tena ni jambo la kuogopa. Nyama yake ikipikwa inakuwa kavu kama pamba na inatoa maji mengi kwenye sahani.

Omba kumwona samaki kabla hajaingia jikoni. Hakuna mpishi mwema wa Mtwara atakayekasirika. Jicho liwe limevimba na jeusi linalong'aa, shavu ndani liwe jekundu, nyama ukibonyeza irudi. Kuna alama moja zaidi ambayo huku kusini ni lazima uijue, kwa sababu uvuvi wa baruti umeumiza sana miamba yetu. Samaki wa baruti kwa nje anaweza kuonekana mzima, lakini mshike mkia na kichwa umwinue: analegea katikati kwa kuwa uti umevunjika. Akipasuliwa, damu imetapakaa tumboni na nyama imejitenga na miiba. Anaoza haraka kuliko mwenzake, na kumnunua ni kumlipa anayebomoa bahari. Mkatae, na sema kwa nini unamkataa. Pweza naye asiwe chini ya gramu 500, kanuni za uvuvi haziruhusu.

Jodari, nguru na vibua wana tatizo lao. Wakikaa juani bila barafu, ndani ya nyama hutengenezwa sumu ambayo moto hauiondoi, uchome au ukaange. Dalili huanza ndani ya saa moja hivi: uso unakuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinagonga, na mara nyingi ulimi ulikwisha kukuonya kwa ladha ya pilipili mahali ambapo hapana pilipili. Ukiipata ladha hiyo, weka kijiko chini na uende kituo cha afya ukijisikia vibaya. Kwa hiyo kwa mgahawa wa ufukweni swali langu la kwanza ni la barafu: inatoka wapi, na iko wapi sasa hivi? Nionyesheni boksi.

Muda nao unasema ukweli. Samaki wa kupaka lazima achomwe, kisha apakwe tui zito na kugeuzwa mara kadhaa juu ya makaa. Ni dakika 40 au zaidi. Akifika mezani baada ya dakika kumi, amepashwa. Pweza wa nazi hachemki chini ya dakika 45. Mchuzi ukija na chembechembe nyeupe zinazoelea juu ya mafuta, tui limekatika, mpishi aliacha kukoroga lilipoanza kuchemka. Haudhuru, lakini unakuambia jikoni kuna haraka. Kwa chakula cha jioni, agiza asubuhi kabla hujapanda boti, chagua samaki, lipa nusu, na taja saa.

Usile hotelini kila mlo. Neno lenyewe "hoteli" mtaani kwetu mara nyingi ni mahali pa kula tu, na mama lishe mwenye sufuria inayoisha saa nane mchana anakupa chakula kipya kuliko ukumbi wenye vitambaa mezani. Tafuta mbaazi za nazi, kisamvu, ugali wa muhogo na samaki wa kukaanga. Tazama mafuta kwenye karai, yakiwa meusi na yanatoa povu pita mbele. Kando ya barabara wanauza ming'oko iliyochemshwa, mizizi ya porini ambayo Mmakonde na Mmwera hawahitaji kuelezwa: menya ganda, kula ikiwa ya moto.

Mwezi wa Ramadhani, migahawa mingi ya Kilwa, Lindi na Mikindani hufungwa mchana. Hoteli za wageni hupika, ila ulizia kabla, na ukivuka kwenda visiwani beba chakula chako na ule faragha, si gatini mbele ya mabaharia waliofunga. Jioni rudi mapema. Saa kumi na mbili na nusu hivi, meza za futari zinakuwa barazani: uji wa pilipili manga, tambi, mihogo ya nazi, vitumbua. Ukipita utaambiwa karibu. Keti.