Fildi ya utawala wa afya Mtwara na Lindi: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: Barua ya chuo ya kukuombea fildi ikifika kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, milango yote imefunguka.

Inategemea unakwenda wapi. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, kwa hiyo huko barua huenda kwa Mkurugenzi, naye hukuelekeza kwa Mganga Mkuu wa halmashauri hiyo. Lakini Ligula ya Mtwara na Sokoine ya Lindi ni hospitali za rufaa za mkoa, na hizo zipo chini ya Wizara ya Afya. Huko barua mwandikie Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali. Ukikosea anwani, faili litazunguka masjala huku wiki zako 8 za fildi zikiyeyuka.

Dhana: Mwanafunzi wa sera za umma hana kazi hospitalini, atabaki kutoa fotokopi.

Muulizie Katibu wa Afya. Likizo za watumishi, vikao, manunuzi na usafiri vinapita mezani kwake. Omba kuandika muhtasari wa kikao kimoja. Utajifunza mengi kuliko kwa kukaa mapokezi mwezi mzima.

Dhana: Dawa zikikosekana zahanati, kosa ni la MSD, yaani Bohari ya Dawa.

Mara nyingine ni kweli. Ila kabla ya kuliandika kwenye ripoti, ingia stoo, fungua leja. Chukua dawa mseto ya malaria kwa siku 60: salio la mwanzo dozi 100, zilizopokelewa 250, zilizoharibika 10, zilizobaki 40. Zilizotumika ni 300. Wengi hugawa kwa miezi miwili, wakapata 150 kwa mwezi, wakaagiza hivyo.

Sasa hesabu siku ambazo salio lilisomeka sifuri. Tuseme ni 20. Basi dozi 300 zilitumika kwa siku 40 tu, yaani 7.5 kwa siku, sawa na 225 kwa mwezi. Aliyeagiza kwa 150 ameomba theluthi moja pungufu, na upungufu wa jana ameugeuza kuwa makadirio ya kesho. Mvua za msimu zikiingia na wagonjwa wakaongezeka, dawa itaisha mapema zaidi. Bohari imeleta kilichoombwa. Tatizo limeanzia kwenye fomu. Hapa ndipo msomi wa sera anapohitajika kweli, na tunasikitika kuona wengi wanapita stoo bila hata kuuliza leja iko wapi.

Angalia pia kama leja inalingana na rafu. Hesabu maboksi kwa mkono. Tofauti mara nyingi hutoka kwa dawa iliyoazimwa kituo jirani bila kuandikwa.

Dhana: Huduma ya msamaha haina gharama, si ni bure?

Bure kwa mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5. Glovu na dripu bado zimetumika. Msamaha usiporekodiwa, kituo hakina cha kuonyesha wakati wa kupanga bajeti.

Dhana: Ukishapokelewa, takwimu za rejesta ni zako kwa tasnifu.

Barua ya fildi inakuruhusu kujifunza kazi. Utafiti unadai kibali chake cha maadili, na kinachukua muda, kwa hiyo anza kukishughulikia kabla hujapanda basi la kusini. Na rejesta za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, zina majina ya watu: usizipige picha kwa simu, hata ukurasa mmoja. Nakili jumla tu, mbele ya anayezitunza.