Uhakiki wa wenza ni nini?

Ukipeleka makala kwenye jarida la kisayansi, mhariri hawezi kuijua kila fani. Kwa hiyo huituma kwa watu wawili au watatu wanaofanya kazi kama yako, waisome kisha wapendekeze ichapishwe, irekebishwe au ikataliwe. Huo ndio uhakiki wa wenza. Wahakiki kwa kawaida hawalipwi, na majina yao hufichwa. Majarida mengine humficha hata mwandishi, ingawa katika fani ndogo ukitazama tu marejeleo ushamjua.

Mhakiki harudii jaribio lako, wala hajui kama takwimu umezipika. Anachouliza ni kimoja: umejuaje?

Swali hilo nililielewa kwenye warsha ya uandishi hapa Nairobi, tulipobadilishana rasimu. Mwenzetu mmoja alikuwa ameandika, “Samadi iliongeza mavuno ya sukuma wiki.” Sentensi safi kabisa. Dada aliyepewa rasimu hiyo akaandika pembeni kwa penseli: “Vitalu visivyo na samadi vilikuwa wapi?” Kumbe vilikuwa chini ya mparachichi, kivulini! Jamaa alinyamaza hadi saa ya chai. Sisi wengine tukafungua rasimu zetu haraka kutafuta miparachichi yetu. Mimi naona zoezi hilo lilitufaa kuliko somo zima la namna ya kupanga ikisiri, mbinu, matokeo na mjadala.

Kuchomwa na mhakiki si kwa wanafunzi tu. Mwaka 1936 wanafizikia Albert Einstein na Nathan Rosen walipeleka kwenye jarida la Physical Review makala iliyodai kwamba mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya nguvu ya uvutano inayosafiri angani, hayapo. Mhariri akaipeleka kwa mhakiki, naye akaona kosa. Einstein alikasirika kwamba makala imeonyeshwa mtu kabla ya kuchapwa, akaiondoa. Baadaye kosa likathibitika, akabadili hitimisho na kuichapisha kwenye jarida jingine. Wakati huo uhakiki wa nje haukuwa desturi kila mahali. Jarida la Nature liliufanya lazima mwaka 1973.

Yule wa sukuma wiki hakuondoa chochote. Siku ya mwisho alisoma: “Vitalu vyenye samadi vilitoa mavuno zaidi, lakini vitalu linganishi vilikuwa kivulini, hivyo hatuwezi kutenganisha athari ya samadi na ya jua.” Msimu ujao anapanda upya, mbali na mti.