Perege hana mafuta mengi, lakini mnofu wake una kazi kwenye lehemu

Mtu akiambiwa lehemu yake, yaani kolesteroli ya kwenye damu, imepanda, mara nyingi swali lake la kwanza ni wapi atapata vidonge vya mafuta ya samaki. Sisi wa kitengo cha lishe humrudisha kwenye samaki mwenyewe. Mafuta ya omega 3, yaliyomo kwenye vidonge hivyo, hushusha zaidi trigliseridi, ambayo ni mafuta mengine ya kwenye damu. Kwa LDL, ile inayoitwa lehemu mbaya, hayana nguvu hiyo, na kuna watu LDL yao hupanda kidogo wakiyatumia. Tena perege tunayemla sana hapa Moshi, wa bwawa la Nyumba ya Mungu, si samaki wa mafuta. Gramu 100 za mnofu wake mbichi zina protini takriban gramu 20, na mafuta hayafiki gramu 3. Basi tuulize hiyo protini inafanya nini.

Tuanzie kwenye ini. Lehemu nyingi mwilini haitoki kwenye sahani. Mwili huitengeneza wenyewe, na ini ndilo fundi mkuu. Ini hilohilo huigeuza lehemu kuwa asidi za nyongo, zinazomwagwa kwenye utumbo mwembamba ili kuyavunjavunja mafuta ya chakula. Zikishamaliza kazi, kama asilimia 95 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo huo na kurudi kwenye ini kutumika tena. Kiasi kidogo tu hutoka na choo, na hapo ndipo mwili unapopata nafasi ya kuondoa lehemu kweli.

Protini ya samaki huingilia mzunguko huu. Ikisagwa tumboni hukatika vipande vidogo viitwavyo peptidi, na maabara zimeonyesha kwamba baadhi yake hushikamana na asidi za nyongo. Asidi zilizoshikwa haziyeyushi lehemu vizuri, kwa hiyo inayofyonzwa hupungua. Katika tafiti za Japani, panya waliolishwa protini ya samaki badala ya kaseini, ambayo ni protini ya maziwa, walitoa lehemu na asidi za nyongo nyingi zaidi kwenye kinyesi, na lehemu ya damuni ikashuka. Nyongo isiporudi yote, ini hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni lehemu, hivyo huivuta kutoka kwenye damu. Ipo dawa ya hospitali, kolestiramini, inayopita njia hiyohiyo kwa nguvu kubwa zaidi.

Panya si binadamu. Majaribio kwa watu ni machache, madogo, na majibu yake hayafanani, kwa hiyo simwahidi mtu kwamba perege peke yake atamshushia LDL. Ninalolisema bila wasiwasi ni la kubadilishana: samaki akichukua nafasi ya nyama nono, yale mafuta yanayoganda hupungua mezani, na LDL hushuka. Arusha na Moshi nyama choma ni heshima ya mgeni, wala sisemi iachwe. Lakini mtori wa nyama ya mafuta Jumatatu, mbavu Jumatano na supu Jumamosi asubuhi ni vingi mno kwa mtu ambaye lehemu yake imeshapanda.

Upikaji nao una uzito wake. Perege aliyezamishwa kwenye mafuta yaliyochemshwa mara nyingi amepoteza sehemu ya faida yake. Mnunue mbichi, umpike mchuzi wa nyanya na ndimu, au umchome. Samaki wa nazi ni mtamu sana, ila tui zito lina mafuta yanayoganda kwa wingi, kwa hiyo litumike jepesi. Dagaa wanafaa pia, lakini wa chumvi waloweshwe na kuoshwa vizuri, hasa kwa mwenye presha.

Aliyeandikiwa statini, dawa ya kushusha lehemu, asiiache kwa sababu ameanza kula samaki; aendelee na vyote viwili. Kipimo kirudiwe baada ya miezi 2 au 3, na aombe namba zote nne: lehemu yote, LDL, HDL (ile inayoitwa lehemu nzuri) na trigliseridi. Namba ya jumla peke yake haimwonyeshi daktari kilichobadilika.