Flashi ya kujazia ni nini, na kwa nini mtu aiwashe jua likiwa bado linawaka?

Wengi wetu tukisikia flashi tunawaza giza, ukumbi wa harusi, umeme umekatika. Sasa ukimkuta mtu anayepiga picha za ndege wa ziwani, saa kumi na moja na nusu jioni kaelekeza lenzi juani kabisa halafu flashi inawaka paa, unaona kama kachanganyikiwa vile. Hajachanganyikiwa, anajaza kivuli.

Tuanze na jua lenyewe. Tunasema mwanga wa nyuma pale jua linapokuwa nyuma ya ndege, yaani wewe linakupiga usoni na yeye linampiga mgongoni. Mchukulie mdiria, yule mweusi-mweupe mwenye kishungi, Mwanza wako kibao pembeni ya ziwa, akiona kamba ya mtumbwi tu ashakaa. Jioni jua linashukia upande wa majini, kwa hiyo ukiwa nchi kavu unamtazama yeye na jua kwa pamoja. Na hapo ndo utamu ulipo: kishungi kinachorwa ukingo wa dhahabu, akitanua bawa mwanga unapenya mpaka unahesabu manyoya moja moja, akijikung'uta baada ya kupiga mbizi kila tone linawaka kama cheche. Jua likiwa mgongoni kwako hayo huyapati, picha inatoka safi ila bapa, kama ya pasipoti.

Tatizo ni upande ule unaokutazama wewe. Kifua, uso, jicho, vyote viko kivulini. Kamera inapima yale maji yanayometa, inadhani mwanga umezidi, inashusha kila kitu na unabaki na ndege mweusi tii. (Wakati mwingine ndo unachotaka, mnandi akianika mabawa anapendeza hivyo hivyo akiwa umbo tupu.) Ukisema basi nipandishe eksposha, yaani kiasi cha mwanga kinachoingia kwenye picha, kwa stopu (kipimo cha mwanga) moja na nusu au mbili, kifua kinatokea kweli lakini maji yanaungua meupe pee, na ule ukingo wa dhahabu uliokuleta unamezwa humo humo.

Flashi ya kujazia inaingia hapo katikati. Eksposha unaipangia mwanga wa nyuma, maji na ukingo vikae sawa, halafu flashi unaipa kazi moja tu, kuinua kivuli cha mbele kidogo. Kidogo kweli: unaishusha stopu moja mpaka mbili, na stopu moja ni nusu ya mwanga, mbili ni robo. Mtu akiangalia picha akasema "hapa ulipiga flashi" ujue umezidisha. Dalili unayoitaka ni kinukta cha mwanga kwenye jicho, maana jicho la mdiria ni jeusi na limekaa ndani ya mstari mweusi wa kichwani, bila hiyo nukta huoni jicho liko wapi.

Kuna mambo mawili yanawasumbua watu. La kwanza ni shata, lile pazia la ndani ya kamera linalofunguka na kujifunga kuruhusu mwanga. Kamera nyingi zinaenda na flashi mpaka 1/200 au 1/250 ya sekunde, ukitaka kasi zaidi unawasha ule mfumo wa flashi ya kasi ya juu, ila nguvu ya flashi inapungua sana. La pili ni umbali, maana umbali ukiwa mara mbili mwanga unaofika ni robo tu. Ndo maana wapiga picha za ndege wanafunga mbele ya flashi kile kioo cha plastiki chenye mistari ya duara, kinakusanya mwanga uende mbali.

Na kioo hicho nimeshakilipia. Kinachokusanya mwanga wa flashi kwenda nje kinakusanya na jua kuja ndani, na sisi si ndo tunaelekea juani? Nilikiacha kimefungwa, kamera iko kwenye mguu wa tripodi, mimi nakunywa chai, nikasikia harufu ya plastiki. Kichwa cha flashi kimeyeyuka kishimo kama cha sigara. Siku hizi nisipopiga nakivua au nakifunika na kofia.

Halafu usiweke flashi karibu sana na lenzi, jicho la ndege linarudisha mwanga na kuwa jeupe kama chuma, inyanyue juu kidogo na mkono wa pembeni. Kwenye kiota mimi siwashi, bundi usiku ndo kabisa, macho yake yamefunguka kwa ajili ya giza na wewe unamchoma.

Wapo wanaosema flashi ya nini, piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, uinue kivuli kwenye kompyuta. Kwa kivuli chepesi nakubali, kamera za sasa zinaweza. Ila ukivuta sana zinaanza chenga, vile vidoadoa kwenye picha, na ile nukta ya jicho kama haikuwepo wakati unapiga, kompyuta haiwezi kukurudishia jua la jana.