Dawa za kifafa na degedege: yanayosemwa Kisumu na yaliyo kweli

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni hili: mtu wa kifafa akikaa miezi kadhaa bila kuanguka, jamaa zake husema amepona na vidonge vikawekwa kando. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Ubongo una kemikali zake za kuzituliza seli za neva, na iliyo kuu ni asidi amino iitwayo GABA. Ikifika kwenye kipokezi chake cha aina A, yaani mahali pa seli panapoipokea, njia nyembamba hufunguka katika utando wa seli, ioni za kloraidi huingia, na seli inakuwa ngumu kuchochewa. Fenobabitali, iliyoanza kutumiwa mwaka 1912 na ambayo bado hutolewa katika vituo vyetu vya afya, huifanya njia hiyo ikae wazi kwa muda mrefu zaidi. Ubongo uliokwisha kuizoea ukinyimwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu, pengine mfululizo bila mgonjwa kuzinduka, na wapo wanaofariki hivyo. Wako wanaoweza kuacha dawa, ila kwa kawaida ni baada ya miaka 2 au zaidi bila kuanguka, tena daktari ndiye anayepunguza dozi polepole. Vidonge vikikaribia kwisha kabla ya siku ya kliniki, nenda mapema, usisubiri tarehe.

Husemwa pia kwamba kikombe kimoja cha busaa hakina neno. Pombe nayo hukiongezea nguvu kipokezi hichohicho. Ikikutana na fenobabitali au diazepamu, pumzi inaweza kupungua hadi ikakatika. Hapa sioni la kujadili.

Diazepamu nayo wengi wanaijua kama dawa ya usingizi tu, kwa hiyo mama hushtuka muuguzi anapompa mtoto wake kwa njia ya haja kubwa. Dawa hiyo huisaidia GABA iliyopo kuifungua ile njia mara nyingi zaidi, na degedege hukatika. Huku kando ya ziwa, ambako malaria haituachi, mtoto akishikwa mlaze ubavu, usimtie kijiko wala maji mdomoni, na umkimbize hospitali. Muda unaopotea kutafuta wa kuondoa mapepo ni muda ambao malaria inapanda kichwani.

Pepopunda pia si jini: sumu ya bakteria huzuia GABA na mwenzake glaisini visitolewe kwenye uti wa mgongo, misuli ikakaza. Chanjo ipo.

La mwisho ni kidonge cha vitamini B6 kinachotolewa pamoja na isoniazidi, dawa ya TB. Wengine hukitupa wakidhani ni nyongeza tu. Isoniazidi huipunguza nguvu B6, na bila B6 mishipa ya fahamu ya miguu hufa ganzi. Ubongo nao huihitaji B6 kutengeneza GABA, ndiyo maana aliyemeza isoniazidi kupita kiasi hupata degedege, na B6 nyingi ndiyo tiba yake hospitalini. Kimeze kila siku kama ulivyoandikiwa.