Kisukari, figo na mikroRNA: maswali ya wagonjwa wa Mtwara na Lindi

Habari za kazi, daktari. Mwanangu anayesoma chuo ameniambia figo za wenye kisukari zinaharibiwa na kitu kinaitwa mikroRNA. Ni mdudu? (Mama, Mtwara Mjini)

Shikamoo, mama. Si mdudu wala si sumu. Umezaliwa nayo, na bila hiyo mwili usingeenda. Ni kipande kifupi mno cha RNA, kemikali ndugu ya DNA inayobeba maelezo ya urithi, herufi kama 22 tu, kilichomo ndani ya seli.

Anayeuza korosho kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ataelewa upesi. DNA ndiyo daftari kuu. Seli ikitaka kutengeneza protini hutoa nakala ya ukurasa mmoja, kama stakabadhi ya ghalani inayomfikisha mkulima kwenye malipo. MikroRNA ni karani anayeweza kuizuia stakabadhi hiyo au kuichana kabisa, na protini ile ikapungua. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliieleza mwaka 1993 walipokuwa wakichunguza mnyoo mdogo, na wengi wakadhani ni mambo ya minyoo tu. Mwaka 2024 wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Sasa inahusikaje na figo zangu?

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Sukari ikikaa juu miaka mingi, tena presha ikiwa juu, seli za vichujio hivyo hutoa kwa wingi ishara iitwayo TGF-beta, ambayo huchochea makovu. Hapo ndipo mizani ya mikroRNA inapoharibika. Ile iitwayo miR-21 huongezeka na kuzizima protini ambazo kazi yake ni kuzuia makovu. Nayo miR-29, ambayo kwa kawaida hubana utengenezaji wa kolajeni, protini inayojenga makovu, hupungua. Kolajeni inajazana, kichujio kinakakamaa, na albumini, protini ambayo ilipaswa kubaki kwenye damu, inavuja kwenye mkojo.

Isionekane kwamba kila kitu kimeshajulikana. Chukua miR-192: utafiti wa mwaka 2007 kwa panya wenye kisukari uliikuta imepanda, lakini vipande vya figo za wagonjwa ambao ugonjwa umeshasonga mbele vikaonesha imeshuka. Huenda inategemea hatua ya ugonjwa na aina ya seli. Kwa hiyo anayekuuzia kirutubisho cha "kurekebisha mikroRNA", mwache na chupa yake.

Nikapimwe mikroRNA wapi, hospitali ya Ligula hapa Mtwara au mpaka Dar? (Mkulima, Newala)

Usikate tiketi ya basi, ndugu yangu. Hiki bado si kipimo cha kawaida cha hospitali. Watafiti huzisoma mikroRNA kwenye damu na mkojo wakitumaini kugundua ugonjwa mapema, ila majibu ya maabara moja hayalingani vizuri na ya nyingine.

Kipimo unachokihitaji ni cha mkojo kinacholinganisha albumini na kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa, pamoja na kreatinini ya damu. Albumini ikifika miligramu 30 au zaidi kwa kila gramu ya kreatinini, na ikabaki hivyo kipimo kikirudiwa ndani ya miezi 3 hadi 6, figo zimeguswa. Kile kijiti cha mkojo cha zahanati hakioni albumini ikiwa bado kidogo, kwa hiyo jibu la "mkojo safi" lisikulaze usingizi. Omba rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Mwenye kisukari cha aina ya 2 hupimwa tangu anapogundulika, kisha kila mwaka. Wa aina ya 1 huanza baada ya miaka 5.

Wapo wanaosema watapima wakishalipwa za korosho. Mkojo ukianza kutoa povu na miguu kuvimba, ugonjwa umeshatembea kitambo.

Hakuna dawa ya kuizima hiyo miR-21? (Kijana, Lindi)

Imejaribiwa. Dawa iitwayo lademirsen ilitengenezwa kwa kazi hiyo, ikajaribiwa kwa wenye ugonjwa wa Alport, ambao ni ugonjwa wa figo wa kurithi. Jaribio lilisitishwa mwaka 2022 kwa kuwa halikuelekea kuleta faida. Kwa kisukari, zinazolinda figo leo ni dawa za presha losartan au enalapril, na kundi la dawa za kisukari la empagliflozin na dapagliflozin, huku sukari na presha zikidhibitiwa. Daktari ndiye anayechagua kulingana na vipimo vyako. Mjamzito hatumii losartan wala enalapril.

Msimu wa kuokota korosho mgongo na magoti hunimaliza, nameza diclofenac kila siku. Kuna ubaya?

Upo, mama, na kwako ni mkubwa kuliko mambo yote ya mikroRNA niliyoandika hapa. Diclofenac na ibuprofen hupunguza damu inayoingia kwenye figo, hasa ukiwa umeshinda juani bila maji ya kutosha au unatumia dawa za presha. Tumia paracetamol kwa kipimo sahihi, na nenda kliniki na mfuko wa dawa zako zote, hata zile za mitishamba.