Kutoka Jumamosi hadi Jumatano: kuutaja umbali kati ya noti mbili

Wiki mbili kabla ya Pasaka, sauti ya pili ya kwaya ninayoifundisha hapa Mtwara ilikwama kwenye noti moja. Wimbo ulikuwa kwenye C, yaani do ni C, fa ni F na so ni G. Kina mama walitakiwa waimbe so, washuke nusu toni, yaani kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata, kisha warudi so. Jambo jepesi. Lakini kila tulipofika pale sauti ililegea, na so waliyorudia ikawa chini kuliko ile waliyoanza nayo. Kinanda kikiingia, wanaumbuka.

Nilichukua kopi nikaisogeza kwenye taa. Aliyeipiga chapa kwenye kompyuta alikuwa ameingiza noti kwa kubonyeza kinanda, na programu ikamchagulia jina: pale palipotakiwa F shapu (F iliyopandishwa nusu toni), ikaandika G flati (G iliyoshushwa nusu toni). Mpiga kinanda wetu akaniuliza, "Mwalimu, si kitufe kilekile?"

Ni kitufe kilekile, cheusi, kati ya F na G. Ila noti inajulikana kwa kitufe na kwa jina, na mwimbaji hana kitufe. Ana jina tu. Ndiyo maana nataka leo tuzungumzie majina ya umbali wa sauti: ya tatu, ya tano, kubwa, ndogo, kamili. Wengi wetu tuliyakariri kwenye semina za kwaya bila kuonyeshwa yanavyofanya kazi.

Kosa la kwanza la kila mwanafunzi liko kwenye kuhesabu. Ukimuuliza kutoka do hadi so ni hatua ngapi, atakwambia nne, na amepata: do hadi re, re hadi mi, mi hadi fa, fa hadi so. Mbona basi tunaita ya tano? Kwa sababu tunahesabu noti, hatuhesabu hatua, na ile unayoanzia nayo imo. Mzee mmoja wa sauti ya nne, mkulima wa korosho, alilishika hili kabla sijamaliza kulieleza: panda mikorosho mitano kwenye mstari mmoja, nafasi katikati yake ni nne.

Sisi Waswahili tuna kipimo kizuri kuliko mikorosho, nacho tunakitamka kila siku. Wiki yetu inaanza Jumamosi: mosi, pili, tatu, nne, tano. Iite Jumamosi do. Jumapili ni re, Jumatatu ni mi, Jumanne ni fa, Jumatano ni so, Alhamisi ni la, Ijumaa ni ti. Ukiendelea, siku ya nane ni Jumamosi tena, kama ilivyo oktava: do ya nane, jina lilelile, juu zaidi. Kutoka Jumamosi hadi Jumatano zimepita siku nne, na bado tunaiita ya tano bila kusita. Kwenye hesabu ya muziki hakuna sifuri, kama ambavyo wiki haina Jumasifuri.

Kuna siri nyingine ndani ya wiki hiyo. Alhamisi nayo maana yake ni ya tano, kwa Kiarabu, ila Waarabu wanaanzia Jumapili. Tuna siku mbili za tano zinazofuatana, na zote mbili ni kweli, kwa sababu kila moja ina mwanzo wake. Imba sasa: do hadi so ni ya tano, re hadi la ni ya tano. Umbali hauna jina mpaka useme umeanzia wapi.

Namba peke yake haitoshi. Hatua za ngazi, kutoka do hadi do ya juu, hazilingani: mi hadi fa ni nusu toni, ti hadi do ni nusu toni, nyingine zote ni toni nzima, yaani nusu toni mbili. Kwa hiyo do hadi mi ni ya tatu na re hadi fa ni ya tatu, lakini ya kwanza ina nusu toni 4 na ya pili ina 3. Hapo ndipo tunaongeza sifa: ya tatu kubwa, ya tatu ndogo. Ya pili, ya tatu, ya sita na ya saba zote huja kwa kubwa na ndogo, zikitofautiana kwa nusu toni moja. Ya nne, ya tano na oktava zinaitwa kamili: nusu toni 5, 7 na 12. Hizi tangu zamani za Wagiriki zilihesabiwa kuwa ndizo zinazopatana, kwa kuwa mitetemo yake ina uwiano mwepesi. Oktava ni 2 kwa 1, ya tano ni 3 kwa 2, ya nne ni 4 kwa 3. Kamili ikitanuliwa nusu toni tunasema imeongezwa, ikibanwa, imepunguzwa. Kubwa nayo inaweza kuongezwa, ndogo ikapunguzwa. Basi.

Utaratibu ninaoudai ni huu: hesabu majina kwanza, nusu toni baadaye. Ukianza na nusu toni utapotea, kama ilivyopotea ile programu.

Turudi kwenye kopi yetu. Besi pale wako kwenye D. D hadi F shapu: D, E, F, majina matatu, nusu toni 4, ya tatu kubwa. D hadi G flati: D, E, F, G, majina manne. Ya nne kamili ingekuwa na nusu toni 5, hii ina 4, kwa hiyo ni ya nne iliyopunguzwa. Sikio likiwa kwenye kinanda halioni tofauti, ila koo linaiona. F iliyopandishwa, ambayo watu wa solfa wanaiita fe, inataka kupanda kwenda so, kama ti inavyotaka do. G iliyoshushwa inavutwa chini kuelekea fa. Kina mama walisoma so iliyoshuka, wakaimba kitu kinachoshuka. Walitii maandishi. Nilifuta kwa kalamu kopi moja moja, nikaandika fe juu yake, na tulipoimba tena noti ilisimama. Sikuwaambia waongeze nguvu wala pumzi.

Kama unafundisha, fanya jaribio hili na waimbaji wawili. Wa chini aimbe ti, wa juu aimbe fa. Majina matano, nusu toni 6: ya tano iliyopunguzwa. Waambie kila mmoja aende anakotaka mwenyewe. Ti atapanda do, fa atashuka mi, watakutana kwa ndani kwenye ya tatu kubwa. Sasa wageuze: fa chini, ti juu. Nusu toni ni 6 zilezile, lakini majina ni manne, ya nne iliyoongezwa. Waache waende. Fa anashuka, ti anapanda, wanaachana na kutua kwenye ya sita ndogo. Nimelifanya jaribio hili mara nyingi na bado linanisisimua, kwa sababu jina liliwatabiria njia kabla hawajaimba.

Utaona pia kwamba umbali ukigeuzwa hivi, noti ya chini ikawa ya juu, namba mbili hujumlishwa kuwa 9: tano na nne, tatu na sita, saba na mbili. Ni 9 badala ya 8 kwa sababu ile noti ya katikati imehesabiwa mara mbili. Kubwa hugeuka ndogo, iliyoongezwa hugeuka iliyopunguzwa, kamili hubaki kamili.

Jina halikwambii kila kitu, hata hivyo. Chukua la ya mitetemo 440 kwa sekunde. Ya tatu kubwa iliyotulia, yenye uwiano wa 5 kwa 4, iko kwenye 550. Kinanda kinakupa karibu 554. Kwaya inayoimba bila kinanda huweza kuteremka kuelekea 550 yenyewe, kisha mpiga kinanda akiingia anawalaumu. Wote wawili wanaimba ya tatu kubwa.

Na kuna sauti zetu. Niliwahi kumrekodi mama mmoja wa Newala akiimba wimbo wa kutwanga, binti yake akimwitikia kwa chini. Nilikaa na rekodi ile nikiwa na kinanda mkononi. Umbali kati yao haukuwa nusu toni 3 wala 4. Ulikuwa katikati, na ulirudi palepale kila ubeti, kwa hiyo hawakuwa wamekosea. Kwenye daftari langu niliandika "ya tatu", kisha mahali pa kubwa au ndogo nikaacha wazi.